Moto Usioonekana

Sikukuu hutambulikana kwa mambo mawili: ibada yake na meza yake. Ibada hulisha roho, na meza hulisha mwili. Na ijapokuwa wahubiri huonya kila mwaka kwamba ya pili isiizidi ya kwanza, hapana mtoto aliyepata kuikumbuka sikukuu kwa hotuba peke yake. Mtoto hukumbuka alichovaa, hukumbuka alichokula, na zaidi ya hayo hukumbuka aliyempa. Kwa sababu hii kitu kidogo sana, kama tonge la biskuti lililopakwa chokoleti, chaweza kubeba uzito usiolingana na ukubwa wake.

Pasaka haina tarehe ya kudumu. Huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi, na kwa hivi haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Katika Arusha siku hizo ni za masika. Mlima Meru, ambao kilele chake chapita mita 4,500, hujifunika mawingu hata mgeni akadhani pale hapana mlima. Njia za vijijini huwa utelezi, migomba huinama kwa uzito wa maji, na magari ya watalii, ambayo katika miezi mingine hupishana mjini kama siafu, huadimika. Wageni hupenda mbuga zikiwa kavu. Kambi nyingi hufungwa Aprili, zikafunguliwa tena Juni inapokaribia. Na wapishi, wahudumu na madereva hurudi makwao kungojea. Wengine hungojea na mshahara, wengine hungojea bila.

Mama mmoja wa kijiji jirani na Nkoaranga alikuwa miongoni mwa hao wa pili. Kwa miaka sita alikuwa mpishi wa vitamutamu katika kambi moja mbugani. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia 31 Machi, kabla kambi haijafungwa. Siku ile alipanga mezani pa wageni mayai ya chokoleti, vifaranga vya biskuti na sungura wenye masikio marefu, na watoto wake mwenyewe wawili wakala sikukuu kwa bibi yao bila yeye. Mwaka 2025 Pasaka iliangukia 20 Aprili, na kambi ilikuwa imekwisha fungwa. Mwezi ule ule wa mbinguni uliomnyima watoto mwaka uliotangulia ukamrudisha kwao, lakini ukamrudisha mikono mitupu. Penye mshahara hapakuwa na watoto, na penye watoto hapakuwa na mshahara.

Shida isingalikuwa kubwa kama pasingalikuwa na ahadi. Mwezi wa Januari, akizungumza na watoto kwa simu, aliwaahidi mayai ya Pasaka kama yale waliyoyaona katika duka kubwa la mjini, yaliyofungwa kwa karatasi za kung'aa. Sasa Ijumaa Kuu ilikuwa imekwisha pita, na bei ya yai moja la dukani ingalinunua unga wa ugali wa siku kadhaa. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa safarini. Mtu mzima akikosa fedha huomba udhuru, na mtu mzima mwenziwe huuelewa. Mtoto hana mahali pa kuuweka udhuru. Mama huyu aliyajua hayo, na usiku wa Ijumaa hakulala vyema.

Yafaa kusema kidogo juu ya asili ya mayai hayo, maana wako waulizao yai lina jambo gani na kaburi lililo wazi. Zamani Kanisa liliwakataza waumini kula mayai katika siku za Kwaresima, lakini kuku hawakujua kwamba ni Kwaresima, wakaendelea kutaga. Pasaka ilipofika palikuwa na mayai mengi katika kila nyumba, yakapakwa rangi na kupeanwa. Baadaye waalimu wa dini waliona katika ganda linalopasuka na kutoa uhai mfano wa kaburi lililofunguka. Wajerumani waliongeza hadithi ya sungura aletaye mayai. Katika karne ya kumi na tisa mafundi wa Ulaya walianza kuunda mayai kwa chokoleti. Kampuni ya Fry ya mji wa Bristol, Uingereza, ilitoa yai lake la kwanza mwaka 1873, na Cadbury wakafuata mwaka 1875.

Pasaka yenyewe haikuingia Meru kwa chokoleti. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri muda mfupi baada ya kufika, na kituo cha Nkoaranga hakikuanzishwa mpaka mwaka 1902. Sikukuu iliyotanguliwa na damu na machozi, ya wageni na ya wenyeji pia, haihitaji pipi ili iwe sikukuu. Lakini ahadi ya mzazi yahitaji kutimizwa.

Jumamosi asubuhi mama huyo aliteremka kwenda soko la Tengeru. Alinunua biskuti za kawaida gramu 300, kopo la maziwa mazito yenye sukari, siagi ya kupaka mkate, kakao ya unga, na kipande kimoja tu cha chokoleti cha gramu 100. Alinunua pia nazi kavu moja na kibaba cha karanga mbichi. Vyote pamoja havikufika bei ya yai moja la dukani.

Nyumbani hapakuwa na tanuri wala jokofu. Palikuwa na mafiga jikoni na jiko la mkaa barazani. Lakini vitamutamu vya namna hii havihitaji kuokwa, na hapo ndipo penye faraja yake kwa mtu maskini. Aliwapa watoto kazi ya kuponda biskuti ndani ya mfuko safi kwa mchi, mpaka zikawa kama mchanga wa mtoni. Aliyeyusha siagi, gramu 75 hivi, akaitia kakao vijiko vitatu na nusu ya kopo la maziwa, kisha akaimimina juu ya biskuti na kukanda. Kinyunga hicho kikishikana vyema hakigandi mkononi wala hakimeguki; kikimeguka huongezwa maziwa kidogo, kikiganda huongezwa biskuti. Alikata matonge ishirini na manne, kila moja kadiri ya yai la njiwa.

Bibi wa watoto alikuwa ameketi kizingitini akitazama. Alikuwa mtu wa ndizi na nyama, wa maharage yaliyochemka tangu alfajiri, wa loshoro iliyotulia katika kibuyu. Alitazama mafiga yaliyopoa, akasema:

"Mwanangu, moto umezimika, nawe wasema wapika. Wapika nini?"

"Napika mayai ya watoto, Mama. Haya hayapiti motoni."

"Chakula kisichopita motoni ni matunda na maziwa. Kingine ni uvivu."

Mama mtu alinyamaza, kwa kuwa mkwe hajibishani na mama wa mumewe. Lakini mtoto mkubwa, msichana wa miaka tisa, hakuwa na mpaka huo. Alimwonyesha Bibi umbo alilolifinyanga akamweleza kuwa ni sungura atagaye mayai. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Sungura nimjuaye mimi," akasema, "aliwadanganya fisi na simba. Mayai hatagi; pengine aliyaiba."

Ikawadia kazi ya chokoleti. Chokoleti haitaki moto wa kuonana uso kwa uso, maana huungua upesi. Huvunjwa vipande katika bakuli, na bakuli huwekwa juu ya sufuria ya maji yaliyotoka kuchemka, ili mvuke uifikie taratibu. Mafuta ya kakao huyeyuka katika joto la nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo maana chokoleti huwa ngumu dukani na laini kinywani. Na adui yake mkubwa ni tone la maji. Chokoleti iliyoyeyuka ikiingiwa na tone moja hushikana ghafula, ikawa kama udongo mkavu.

Tone hilo liliingia. Mvua ilikuwa inanyesha, bati la baraza lilikuwa na tundu lisiloonekana siku za jua, na maji yakaangukia katikati ya bakuli. Gramu 100 za chokoleti, ambazo hapakuwa na nyingine, ziliganda mbele ya macho ya watoto wawili. Mdogo akauliza, "Mama, imekufa?"

Katika kambi ile bakuli lililoharibika liliwekwa kando na jingine likafunguliwa. Hapa hapakuwa na jingine. Lakini ujuzi haufungwi na kambi. Mama huyo alikumbuka kwamba chokoleti iliyoharibiwa na maji machache huponywa kwa umajimaji mwingi zaidi. Alipasha maziwa yaliyobaki katika kopo pamoja na kijiko cha siagi, akayatia kidogo kidogo akikoroga bila kupumzika, mpaka bonge lile likalegea, likang'aa, likawa rojo zito. Haingaliweza tena kuwa ganda gumu la kuvunjika kwa mlio. Ingalikuwa ngozi laini. Watoto hawakujua tofauti, wakapiga makofi.

Matonge yalitumbukizwa upande mmoja. Mengine yalibaki mayai. Mengine yalibiringishwa katika nazi iliyokunwa na kukaushwa, yakawa vifaranga wenye midomo ya vipande vya karoti. Yaliyosalia yalingoja masikio ya sungura, na masikio yalikuwa yatoke katika karanga, kwani punje moja ikigawanywa hutoa masikio mawili yanayolingana. Hapo ilikumbukwa kwamba karanga zilikuwa mbichi.

Bibi aliinuka bila kuombwa. Alipuliza makaa yaliyolala chini ya majivu, akaongeza kuni, akateleka kikaango, akazikaanga karanga polepole kama alivyozikaanga maisha yake yote, akizipeta ungoni mpaka maganda yakaruka. Alipozileta alisema, "Haya. Sasa kimepita motoni."

Maneno yale yalikuwa mzaha, lakini yalimpa mkwewe jambo la kufikiri usiku kucha. Je, ni kweli kwamba kabla ya hapo hakikupita? Biskuti ziliokwa kiwandani na watu waliosimama mbele ya matanuri usiku na mchana. Sukari, kama ilitoka katika mashamba ya miwa ya Arusha Chini karibu na Moshi au kwingineko, ilichemshwa. Kakao ndiyo yenye safari ndefu kuliko zote. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hulimwa Kyela, mkoani Mbeya. Mkulima hupasua matunda, huvundika mbegu kwa siku kadhaa mpaka zipate joto na kugeuka rangi, kisha huzianika juani. Nyingi husafirishwa zikiwa mbegu tu; hukaangwa na kusagwa ng'ambo, na mara nyingi mkulima hajapata kuonja kile kilichotokana na jasho lake. Kwa hivi chakula kisichookwa hakipo. Kipo chakula kilichookwa na mtu mwingine, mahali pengine, na moto wake hauonekani na mlaji.

Na yeye mwenyewe, kwa miaka sita, alikuwa moto wa namna hiyo.

Sinia liliwekwa dirishani, mahali pa baridi. Usiku wa Aprili kwenye miteremko ya Meru watosha kufanya kazi ya jokofu. Asubuhi chokoleti ilikuwa imeshika. Watoto walichana majani makavu ya migomba, wakasuka viota katika visahani, wakapanga humo mayai, vifaranga na sungura. Baada ya ibada vilitolewa. Kumi viliwaendea watoto wa majirani, viwili alipewa Bibi, ambaye alimla sungura kwa kuanzia masikio, akasifu karanga.

Msichana alipokuwa akila chake alimwuliza mama yake, "Ndivyo ulivyokuwa ukiwatengenezea wageni?"

"Ndivyo."

"Walijua kuwa umevitengeneza wewe?"

Mama mtu alifikiri, maana hakutaka kumdanganya. Mezani pa wageni palikuwapo kikaratasi chenye jina la kambi, na wageni waliishukuru kambi. Akasema, "Hapana, mwanangu. Hawakujua."

"Basi sisi tunajua," akasema mtoto, akaendelea kula.

Ahadi ya Januari ilitimizwa kwa namna hiyo. Si kwa mayai ya dukani, na si kwa ukamilifu, kwa kuwa ngozi ya chokoleti ilikuwa laini na baadhi ya sungura walikuwa na sikio moja. Lakini kulikuwa na jambo ambalo yai la dukani haliwezi kulitoa hata likifungwa kwa dhahabu: wale waliokula walimwona aliyefanya. Kambi itafunguliwa kila msimu, na watu wa kazi watarudi huko, kwa kuwa ada na unga hudai fedha. Hapana aibu katika kumpikia mgeni. Aibu ni ya mlaji apitaye bila kuuliza. Msomaji atakapopewa kitamutamu na kuambiwa kwamba hakikuhitaji moto, ashukuru, akile kwa furaha, kisha aulize moto wake uliwashwa wapi na nani aliyeuchochea. Swali hilo halipunguzi utamu, nalo ni sehemu ya shukrani.