Kombora Hili ni la Nani?

Sisi tukaao Shishiyu twamjua mtoto mchungaji alivyo. Akiona kitu king'aacho majanini hukiokota, akakigonga kwa jiwe, kisha akaja nacho nyumbani kuwaonyesha wenziwe. Hapa kwetu huwa ni kipande cha bati, au kengele ya ng'ombe iliyodondoka. Ndiyo maana habari ya wafugaji wenzetu wa Kenya, Wasamburu na Wamasai, yatuchoma moyo.

Kwa zaidi ya miaka 50 jeshi la Uingereza limefanya mazoezi ya vita nchini humo, hata katika malisho ya Archer's Post na Dol Dol. Makombora mengine yalianguka yasilipuke, yakabaki ardhini. Watoto waliyaokota, wako waliokufa, na wako waliopoteza mikono. Madai yakapelekwa London, na mwaka 2002 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa watu zaidi ya 200 jumla ya pauni 4,500,000.

Mabishano yalikuwa juu ya mwenye kombora, kwani majeshi mengine pia yalitumia viwanja vile. Mbele ya hakimu hoja hiyo ina uzito, hatukatai. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alipotufundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika imani, hakutuagiza tumtafute kwanza aliyekiweka. Na fedha, hata zikiwa nyingi, hazifagii malisho.

Nasi siku hizi, ng'ombe waingiapo zizini, huwauliza watoto wetu wameokota nini.