Lupango moja, wauzaji wawili

Lubumbashi, komini ya Kampemba. Kwenye mtaa wa Bel-Air, chini ya mwembe ulio karibu na njia ya taksibisi, kibao cheusi kimeegemea shina. Kila asubuhi, mbele ya saa mbili, komisioneri anakipangusa kwa kitambaa chenye maji na kuandika upya kwa chaki: vyumba viwili na saloni, Kalubwe. Studio moja, Makomeno, MAJI IKO. Lupango ya mita 20 kwa 25, Annexe, karatasi ziko. Bei haandiki. Anasema bei ni ya mdomo, maana mteja akiisoma kwenye kibao anapita bila hata kusalimia.

Hapa mjini kila mtu anamhitaji komisioneri, na kila mtu ana habari mbaya juu yake. Ndiye anayekutembeza jua kali hadi kwenye nyumba ambayo funguo zake hana. Ndiye anayechukua pesa ya kuonyesha nyumba, leo dola 5, kesho tena dola 5, halafu unakuta nyumba ilishachukuliwa wiki iliyopita. Habari hizo nyingi ni za kweli, na huyu wa chini ya mwembe hazikatai. Anacheka tu, anasema kwamba wauguzi wabaya wako pia, na watu wanaendelea kwenda hospitali.

Ana miaka 41 na watoto wanne. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga matofali. Mpiga matofali anajua nani anajenga, nani ameishiwa pesa akaacha kuta zikiota majani, nani amekufa na watoto wanagombana. Watu walianza kumuuliza, akaanza kujibu, na siku moja mtu akampa dola 20 kwa jibu. Matofali aliyaacha hapo.

Yeye mwenyewe hana nyumba. Anapanga vyumba viwili Katuba, nyuma ya nyumba ya familia iliyo pale tangu wakati wa Wabelgiji. Katuba ilianza mwaka 1950, na watu wengi walijenga kwa pesa ya mkopo, katika mpango wa komisari wa distrikti aliyeitwa Grévisse: mtu alipewa lupango na pesa ya kununua vifaa, akajenga mwenyewe, akalipa pole pole. Wajukuu wa wajenzi hao ndio leo wanapangisha vyumba vya nyuma. Wakati wa mambo haya, komisioneri alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili kwa mmoja wa wajukuu hao, na ili kufika kwenye mwembe wake alikuwa akitoka nyumbani kabla mwenye nyumba hajaamka.

Kazi ya kupangisha ndiyo inayomlisha. Mpangaji akiingia, komisioneri anapata kiasi cha kodi ya mwezi mmoja. Ugumu uko kwenye garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba za kukaa inasema garanti haipaswi kupita kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wanaomba sita, wengine kumi. Mara ya kwanza aliposikia sheria hiyo kwenye redio, komisioneri aliipeleka kwa mwenye nyumba mmoja wa Golf, akidhani analeta habari njema kwa kila mtu. Mwenye nyumba alimsikiliza vizuri, akamwambia awapeleke wateja wake kwa huyo aliyeandika sheria, na nyumba ile akampa komisioneri mwingine siku ileile. Tangu siku hiyo anaitaja sheria kwa mpangaji tu, kwa sauti ya chini, na kumwachia mwenyewe abishane. Si ushujaa, lakini watoto wanne wanakula kila siku.

Malupango ni mambo mengine. Huko pesa ni kubwa na makosa pia ni makubwa.

Wengi wanaamini kwamba wananunua ardhi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo yote ni mali ya Serikali, na Serikali haiuzi udongo wake. Inampa mtu haki ya kuutumia. Haki hiyo inasimama kwa karatasi moja tu, sertifika ya uandikishaji, inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Miaka miwili ikipita bila mtu kuipinga, inakuwa ngumu sana kuitikisa. Chini ya karatasi hiyo kuna karatasi nyingine nyingi: fishi ya mkubwa wa mtaa, barua ya kuuziana kati ya watu wawili na mashahidi, mchoro wa mpima ardhi, risiti. Mtu wa kawaida akiona muhuri anatulia. Lakini muhuri wa mtaa unaonyesha tu kwamba mtu fulani alifika ofisini siku fulani na kusema lupango ni yake.

Katika komini ya Annexe, inayozunguka zile zingine sita, mji unameza vijiji na mashamba. Shamba la jana linakuwa malupango 30 leo. Kuna wazee wa ardhi waliogawa, kuna watoto wao waliogawa tena, kuna wapima ardhi waliopita katikati. Ndiyo maana unasoma kwenye kuta, kwa rangi nyekundu, maneno yaleyale kila mahali: lupango hii haiuzwi. Mgeni anashangaa kwa nini mtu aandike hivyo kwenye nyumba yake mwenyewe. Mwenyeji hashangai.

Mwalimu wa shule ya msingi alikuja chini ya mwembe mwezi wa kumi, mvua ikiwa karibu kuanza. Alikuwa na dola 3200. Sehemu ilitoka kwenye likelemba ya walimu wenzake, sehemu kwenye maandazi anayouza asubuhi kabla ya darasa, na miaka saba ilipita ndani yake. Aliitaka ile lupango ya mita 20 kwa 25. Alikuwa ameshaiona, alikuwa ameshaipima kwa hatua zake, na watoto walikuwa wameshachagua upande wa mlango. Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye fishi ya mtaa na barua ya baba yake marehemu. Alimwahidi komisioneri asilimia 10. Dola 320: kodi ya miezi miwili, kodi ya miezi mingine mbele, na ada ya shule.

Kilichomsumbua komisioneri ni matofali. Kwenye kona ya lupango, ndani ya majani, kulikuwa na matofali kama mia tano yaliyopangwa vizuri. Kijana alisema ni ya baba yake. Lakini baba alikufa miaka mingi nyuma, na mpiga matofali wa zamani anajua tofali lililonyeshewa mvua nyingi na tofali lililonyeshewa mvua moja.

"Mwalimu, ngoja kwanza siku tatu," alimwambia.

"Siku tatu za nini? Karatasi si ziko?"

Jumapili alikwenda peke yake, baada ya misa, saa ambayo majirani wako nyumbani. Hakwenda kwenye lupango. Alikwenda kwa mama mzee anayeuza makala upande wa pili wa njia, akanunua mafungu mawili, akakaa. Mama hakuhitaji kuulizwa sana.

"Ule mwenye matofali alikuyaka mu baridi, mwanangu. Alisemaka lupango njo yake, alilipaka kwa mukubwa wa huyu kijana."

Mambo yalikuwa hivyo. Baba alikufa bila kugawa. Mtoto mkubwa, anayekaa Likasi, aliuza kwa mtu mmoja na kumpa barua. Mtoto mdogo, aliyebaki na fishi ya mtaa, alihesabu kwamba kaka yake alikula peke yake, na sasa ni zamu yake. Kila mmoja alikuwa na karatasi, na kila mmoja alikuwa mtoto wa marehemu kweli. Komisioneri anasema hao ndio wauzaji wa kuogopa, kuliko mwizi, maana mwizi ukimwangalia sana anageuza macho. Mtoto aliyekasirika anakuangalia usoni, kwa sababu anajiona ana haki.

Jumatatu alimweleza mwalimu yote. Hakushukuriwa. Mwalimu alisimama mbele ya kibao, mkoba kifuani, na watu wa taksibisi wakageuka kutazama.

"Weye uko na mwengine mwenye makuta mingi, njo maana!"

Akaenda. Kijana muuzaji naye alipiga simu jioni, na maneno aliyosema hayaandikiki. Makomisioneri wa mwembe wa jirani walicheka kwanza, baadaye wakanuna: mtu akianza kuuliza majirani, kesho wateja wote watataka kuuliza majirani. Wiki ile mwenye nyumba wa Katuba aliamka mapema kuliko yeye.

Kuna sehemu moja ya habari hii ambayo komisioneri haisemi upesi. Wiki mbili baadaye mmoja wa wale wa mwembe wa jirani alimpeleka kwenye lupango ileile baba mmoja kutoka Kolwezi. Walipita mbele yake. Aliwaona, akajua wanakokwenda, na hakufungua mdomo. Mteja wa mwenzako ni wa mwenzako. Ndiyo sheria ya kazi, na komisioneri anayeivunja hapati tena mwembe wa kukaa chini yake. Baba wa Kolwezi alilipa, akaleta saruji, akazungusha ukuta upesi kabla mvua haijakuwa kali. Mwenye matofali alirudi akakuta matofali yake ndani ya ukuta wa mtu. Sasa wako mahakamani wote wawili, na watoto wa marehemu hawaonekani. Kwenye ukuta kuna maandishi mawili, moja jekundu na moja la bluu, na yote yanasema haiuzwi.

"Yule baba sikumudanganya," anasema komisioneri. Kisha baada ya kimya: "Lakini nilijua."

Mwalimu alirudi mwezi wa pili, mvua zikiwa nyingi, amevaa viatu vya plastiki. Habari ya ukuta ilikuwa imemfikia, lakini hakuitaja, na hakuomba msamaha. Alisema tu kwamba pesa imepungua, mtoto alilazwa, zimebaki dola 2700. Komisioneri alimwonyesha lupango nyingine kwenye kibao, ndogo kidogo, mbali kidogo, ya mjane ambaye sertifika iko kwa jina lake mwenyewe. Mwalimu hakuuliza bei. Aliuliza majirani wanarudi nyumbani saa ngapi.

"Jumapili," alisema komisioneri. "Kiisha misa."

"Basi tutaenda wote. Lakini mimi njo nitauliza."

Alimpa dola 5 za kuonyesha. Komisioneri aliziangalia, akamrudishia 2 za pikipiki, na kupangusa chaki mikononi.