Mbuzi wa Malaba

Mwezi uliopita kuna video moja ilizunguka kwenye simu zetu hapa Tororo. Ni ya sekunde chache tu: mbuzi amesimama juu ya trela kwenye foleni ya Malaba, ametulia, anaangalia mpaka kama afisa wa forodha. Mwenye mbuzi haonekani. Aliyerekodi hajulikani. Alipandaje huko juu? Hakuna ajuaye.

Basi watu wakaanza kukisia kwenye WhatsApp. Mmoja wa Busia akasema huyo amepata lifti ya Juba. Mkongomani mmoja akajibu, "Hapana, anangoja mahojiano yake, mwaka wa tatu sasa." Mwingine akasema amekatiwa mgao wa chakula, anahama. Kijana mmoja wa kikundi chetu, Mjapadhola, akaitia sauti yake juu kama wale ma-VJ wanaotafsiri sinema kwenye vibanda vya video. Nilicheka mpaka chapati ikanipalia. Na watu wengi wa pale sijawahi kuwaona kwa macho.

Lakini kwetu simu haikuwa kitu cha kucheka. Nilikuwa na miaka tisa wakati wa uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007. Baada ya hapo meseji zilipita simu hadi simu: kabila fulani wamepanga hivi, fulani wanakuja usiku. Nani ameandika? Hakuna aliyejua. Watu walikisia pia, ila walikisia habari ya jirani. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Sisi tulivuka Malaba, tukalala kwenye mahema ya Mulanda, wilaya hii hii ya Tororo, mpaka tukahamishiwa Kiryandongo. Tangu hapo, meseji ikiingia, mama anaigeuza simu kifudifudi.

Mwaka 2010 bendi ya Nairobi, Just A Band, ilitoa video ya wimbo wao "Ha-He". Ndani yake kuna jamaa shujaa anaitwa Makmende. Jina hilo lilikuwa la mtaani tangu zamani, mtu anayejifanya mbabe unamwita hivyo. Wakenya wakaanza kumtungia vituko mtandaoni, kila mtu akiongeza chake, hata vyombo vya habari vya Marekani vikaandika habari zake. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya meseji zile. Niliiona video hiyo baadaye, kwenye simu ya binamu, na kitu kimoja kilinishangaza: hakuna aliyeuliza Makmende ni kabila gani. Kila mtu alimfanya wa kwao.

Turudi kwa mbuzi. Siku ya tatu mtu akaandika, "Dereva wa hiyo trela ni wa wale wezi, tunawajua," akataja na kabila. Grupu ikanyamaza. Mimi ndiye kiongozi wa vijana, niliandika jibu nikafuta, nikaandika tena nikafuta. Moyo ulidunda kama ule wa mtoto wa Mulanda.

Kisha mtu nisiyemjua, picha yake ni samaki tu, akaandika, "Mimi nilikuwa nauliza habari ya mbuzi."

Watu wakacheka. Yule jamaa akafuta maneno yake.

Sasa nawaambia vijana wangu hivi: mbuzi mkisieni mpaka mchoke, jirani msimkisie. Na kama kwenye video kuna mtu, hasa mwenzetu aliyeanguka kwenye foleni ya chakula au anayelia, muulizeni kwanza. Yeye si mbuzi wa Malaba.

Nilipokwenda Kiryandongo kumwona mama, nilimpa simu yangu aangalie. Aliishika kwa mikono miwili. Akaiangalia mara tatu, hakucheka.

Halafu akaniuliza, "Sasa huyo alishukaje?"