Mgonjwa Hana Majibu Manne

Msomaji, bila shaka waujua mtihani wa kuchagua jibu. Swali huulizwa, na chini yake hupangwa majibu manne: moja la kweli na matatu ya kupoteza. Mtihani wa darasa la nane wa Kenya, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa wa namna hiyo isipokuwa insha. Siutukani. Hupima mambo mengi kwa muda mfupi, na msahihishaji hawezi kumpendelea mtoto wa nduguye. Lakini asiyejua lolote, akibahatisha maswali 40, hutazamiwa kupata kama 10. Na daktari je, atabahatisha kwa nani?

Mimi ni mkazi wa Kiplombe, kando ya Eldoret. Dada yangu alipata kukohoa miezi miwili. Alikokwenda kutibiwa aliulizwa maswali matatu ya ndiyo au siyo, akapewa chupa ya dawa ya kikohozi. Hakuna aliyemwuliza habari za usiku, naye hakuzisema. Kumbe ni kifua kikuu. Alipona baadaye, kwa dawa za miezi sita.

Kwa hiyo chuo kimoja cha utabibu kiliponiomba nijifanye mgonjwa katika mtihani, sikukataa. Mtihani huo ulibuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskoti, wakautangaza mwaka 1975. Wanafunzi huzunguka vituo: hapa hupima msukumo wa damu, pale hutazama picha ya mifupa, kwingine humhoji mgonjwa. Mtahini huwa na orodha ya mambo yapasayo kutendwa, na kengele ikilia kila mmoja huhama. (Chuo Kikuu cha Moi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza wa utabibu hapa Eldoret mwaka 1990, huwapeleka pia vijijini, ambako hakuna kengele.)

Nikafundishwa ugonjwa, nao kwa bahati ulifanana na ule wa dada yangu. Nilionywa nisitaje jasho la usiku mpaka niulizwe.

Kijana wa kwanza alikuwa mjuzi. Alinisimamia, akamimina maswali: “Wakohoa damu? Kifua chauma? Wavuta sigara?” Nilijibu siyo, siyo, siyo. Alikuwa amenigeuza karatasi ya kuchagua jibu, na jibu la kweli halikuwamo katika orodha yake.

Wa pili alikuwa binti. Aliketi, akaniamkia, akasema, “Nieleze, baba, ilianzaje?” Kisha akanyamaza. Ukimya ule ulinishinda. Nilijikuta nasema habari za kikohozi, na za kukonda, naye akauliza, “Na usiku walalaje?” Nikamweleza shuka zinazolowa, na sijui kama nilikuwa nikisema maneno niliyofundishwa au ya dada yangu.

Kengele ikalia kabla sijamaliza. Binti alikimbilia kituo cha pili, lakini mlangoni aligeuka. “Ugua pole, baba,” akasema, ingawa alijua vema kwamba siumwi.