Kila Baada ya Saa Nne

Mdogo wangu alipoanguka katika shimo la madini karibu na Kolwezi na kuvunjika mgongo katikati, wanajumuiya waliokuja kutupa pole waliuliza habari za miguu. Hakuna aliyeuliza habari za mkojo. Nasi wenyewe tuliona haya kuutaja. Lakini miguu iliyopooza haiui. Kibofu kinachojaa bila kumwagika ndicho kinachoharibu figo, na figo zikiharibika mtu hufa. Kwa hiyo kila baada ya saa nne, mdogo wangu hunawa mikono na kujitia sonda.

Daktari mmoja alinieleza kazi ya Mwingereza Giles Brindley, aliyeanza katika miaka ya 1970 kuwawekea wagonjwa wa namna hii chombo cha umeme. Nyaya hufungwa kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu chini ya mgongo, na kipokezi hufichwa chini ya ngozi. Mgonjwa akitaka kukojoa, huweka kifaa kidogo juu ya ngozi na kukiwasha. Nilimwuliza: je, umeme huo haukazi pia msuli unaofunga mlango wa kibofu? Akacheka, akasema unaukaza kweli. Ila msuli ule hukaza upesi na kulegea upesi, na ule wa kibofu huenda polepole. Basi umeme hutumwa kwa vipindi vifupi. Unaponyamaza kidogo, mlango hulegea huku kibofu kingali kinabana, na mkojo hutoka kwa kurukaruka. Nilifurahi kama mtoto aliyefumbuliwa kitendawili.

Nilikwenda moja kwa moja kumsimulia mdogo wangu. Sikuruka jambo lolote, hata lile la mwisho: kwamba mara nyingi, katika upasuaji huo, hukatwa mizizi inayopeleka hisia, ili kibofu kisijimwage chenyewe bila kutazamiwa; na kwamba mwanamume aliyekatwa hivyo hupoteza nguvu za kiume zilizokuwa zikimjia zenyewe, pamoja na hisia kama zilibaki.

Alinyamaza muda mrefu. Ana mke, nao wameoana miaka miwili tu.

“Yaya,” alisema, “hiyo umeme, hata ingeletwa hapa kwetu bure, ningeomba kwanza nizungumze na mke wangu.”

Mimi nilikuwa nimekwisha kuhesabu mashamba ambayo tungeuza. Yeye sikuwa nimemwuliza. Akatazama saa, akaomba sabuni na maji, nami nikatoka nje nikafunga mlango.