Kiatu cha Zamu

Waswahili wana methali mbili zinazomkemea mchaguzi. Moja husema mchagua jembe si mkulima; nyingine husema mchagua nazi hupata koroma. Methali hizi ni za haki mahali pake. Zinamzindua mvivu ambaye hugeuza kila jembe, akalaumu mpini wa hili na makali ya lile, hata mvua zikapita na shamba lake likabaki pori. Lakini methali, kama dawa, ina kipimo chake na maradhi yake. Mkulima aliyekosea jembe hupoteza jua la siku moja. Kesho huazima jingine kwa jirani. Yuko mfanyakazi mwingine ambaye akikosea chombo chake pengine hana kesho ya kuazimia. Huyo ni askari wa zimamoto, na chombo chenyewe, kati ya vyote avaavyo, ni kile kinachosifiwa kidogo kuliko vyote: kiatu.

Kofia ya zimamoto hung'aa, na watoto huitamani. Gari lake hupiga king'ora, na watu wazima hulipisha njia. Kiatu hakina hata mtazamaji mmoja. Walakini mtu anapopiga namba 114 nchini Tanzania na kusema kwamba nyumba inaungua, kiungo cha kwanza cha msaada kinachotua katika uwanja wa nyumba ile si mkono wala jicho, ni mguu. Mguu huo hukanyaga vitu asivyoviona mwenyewe: misumari iliyosimama katika mbao zilizoanguka, vioo, mabati yaliyokunjamana, nyaya, na maji meusi yaliyochanganyika na mafuta. Moshi humlazimisha mtu atambae, na anayetambaa hutembea kwa magoti na ncha za vidole. Kisha kuna ngazi, ambazo hupandwa kwa haraka na kushukwa kwa haraka zaidi, mzigo ukiwa begani. Na mzigo huo pengine ni mtu.

Zimamoto katika nchi nyingi huwa na jozi mbili. Ya kwanza ni ile ndefu na nzito ya kuingilia motoni. Ya pili ni kiatu cha zamu, ambacho huvaliwa kituoni mchana na usiku, katika gwaride, katika mazoezi, katika ukaguzi wa majengo na katika ajali za barabarani. Jozi ya kwanza huvaliwa kwa saa. Ya pili huvaliwa kwa miaka. Jozi ya kwanza aghalabu hutolewa na bohari. Ya pili pengine huachiwa hiari ya kijana mwenyewe, na hapo ndipo anapowekewa mtihani ambao hauna mkufunzi wa kuusimamia.

Kuruta mmoja, binti wa miaka 21, aliuingia mtihani huo akiwa na fedha za mbuzi wawili. Mama yake alikuwa amewauza kwa ahadi kwamba baki ya fedha itarudi nyumbani kumnunulia mdogo wake sare ya shule. Binti alikwenda sokoni pamoja na mjomba wake, mzee aliyefanya kazi ya zimamoto hata alipostaafu. Jambo la kwanza alilolitaka mzee yule lilimshangaza: waende jioni, si asubuhi.

"Mjomba, asubuhi ndipo bidhaa huwa nyingi," binti alisema.

"Na mguu huwa mdogo, mwanangu. Ukishinda umesimama, mguu huvimba. Kiatu kinachokutosha asubuhi, jioni kitakusaga."

Mezani pa muuzaji palikuwa na jozi tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ndefu, yenye zipu ubavuni na kitambaa cha nailoni shingoni, nayo iling'aa hata mtu akaweza kuuona uso wake ndani yake. Ya pili ilikuwa buti za mpira. Ya tatu ilikuwa ya ngozi tupu, iliyofifia rangi, yenye gidamu ndefu, kofia ya chuma vidoleni na bamba la chuma katika soli. Bei ya hiyo ya tatu ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Mkono wa binti ulikwenda wenyewe kwenye ile inayong'aa, na hapana wa kumlaumu. Ujana hupenda kioo, na umaskini hupenda bei ndogo, na kiatu kile kilikuwa na vyote viwili.

Mzee hakumkemea. Alikigeuza kile kiatu, akakikwaruza kitambaa kwa ukucha, akasema, "Hiki ni kizuri kwa gwaride. Kikikaribia moto hakitaungua, kitayeyuka. Kilichoungua hukung'utwa, kilichoyeyuka hung'ang'ania."

Neno la mzee lilikuwa na ukweli wa kitaalamu. Nailoni huyeyuka katika joto la nyuzi 220 mpaka 265 za sentigredi, kwa kadiri ya aina yake, na ikiyeyuka hushikamana na ngozi ya mtu na kuendelea kuichoma. Ngozi ya mnyama haiyeyuki. Hukauka, hujikunja, na mwisho huungua, lakini humpa mwenyewe muda wa kuondoka. Kwa sababu hiyohiyo gidamu na nyuzi za kushonea viatu bora vya zimamoto hutengenezwa kwa nyuzi za jamii ya aramidi, kama ile aliyoivumbua Stephanie Kwolek nchini Marekani mwaka 1965, ambazo haziyeyuki kabisa.

Mpira nao una sifa zake. Charles Goodyear alipopata hataza yake mwaka 1844, siri yake ilikuwa kuupika mpira pamoja na salfa. Basi mpira wa viatu ni kitu kilichopitishwa motoni kwanza ndipo kikapata nguvu ya kustahimili. Buti za mpira hazipitishi maji, na husafishwa upesi. Lakini hazipumui. Jasho lisilo na njia ya kutoka hubaki ndani, soksi hulowa, na joto la nje likiingia, maji hayo huwa mvuke. Waswahili husema maji ya moto hayachomi nyumba. Ni kweli, ila huchoma mguu. Na zimamoto aliyeungua nyayo kwa jasho lake mwenyewe hana tofauti na aliyeungua kwa kaa. Tena shingo pana ya mpira haikishiki kifundo cha mguu, na juu ya kifusi kifundo kisichoshikwa huteguka.

Ikabaki jozi ya tatu. Kofia ya chuma ya viatu vya usalama, kwa kanuni ya kimataifa, hupimwa kwa pigo la jouli 200, ambalo ni sawa na chuma cha kilo 20 kuangushwa kutoka kimo cha karibu mita 1. Bamba la soli hupimwa kwa msumari unaosukumwa kwa nguvu ya nyutoni 1,100. Mtu akisikia hesabu hizo atadhani kwamba kiatu kizito zaidi ndicho bora zaidi. La hasha. Mwaka 1969, Soule na Goldman, wataalamu waliopima nguvu anayoitumia mtu akitembea na mzigo, walionyesha kwamba uzito uliofungwa mguuni hugharimu nguvu mara nne hadi sita kuliko uzito uleule uliobebwa na kiwiliwili. Kilo moja ya kinga isiyohitajika huwa kilo tano za uchovu, na mchovu hujikwaa. Hekima ya kuchagua, basi, si kutafuta kinga yote, bali kutafuta kinga inayotosha.

Mzee akamwambia mpwa wake avae soksi nene alizokuja nazo, afunge gidamu mpaka juu, kisha achuchumae, apige goti, atambae mpaka mwisho wa kibanda, apande na kushuka ngazi za soko. Muuzaji akacheka. "Dada, viatu hununuliwa, havichezewi mwereka!" Binti alitahayari, lakini alitambaa. Aliposhuka ngazi alihisi kisigino kikiinuka na kuachana na soli kila hatua. Hiyo ni taabu ya wanawake wengi katika kazi hii. Viatu vya kazi kwa miaka mingi vilishonwa juu ya kalibu ya mguu wa mwanamume. Na mguu wa mwanamke si mguu wa mwanamume uliopunguzwa, kwa kuwa kisigino chake aghalabu ni chembamba kikilinganishwa na upana wa vidole. Akivaa kiatu cha mwanamume kinachomtosha mbele, hulegea nyuma. Kikimshika nyuma, humbana mbele. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya kiatu aijuaye mvaaji. Wakaomba jozi nyingine ya aina ileile, nyembamba zaidi, na baada ya kungoja sana ikaletwa kutoka ghalani. Hiyo ilikaa.

Ndipo likaja jambo lililo gumu kuliko vipimo vyote. Bei ya jozi ile ilimeza fedha za mbuzi wote wawili. Binti alisimama na kiatu mkononi, akamwona mdogo wake katika sare iliyopasuka kwapani. Mjomba alinyamaza, alijua kwamba hapa si mahali pa ushauri wake. Binti akampigia mama yake simu, akamweleza yote bila ya kupunguza, akamwomba ruhusa ya kununua vile vya bei ndogo.

Mama akauliza swali moja tu: "Na hivyo vya bei ndogo, vitakurudisha?"

Binti hakuweza kujibu.

"Basi nunua vitakavyokurudisha. Mdogo wako ataivaa ya mwaka jana, nami nitaitia kiraka."

Watu wengi hudhani kwamba zimamoto huutoa uhai wake peke yake. Kumbe huutoa akiwa amekwisha kuazimwa vitu na wengi: mbuzi wa mama, sare ya ndugu, jioni ya mjomba. Kiatu kilichonunuliwa hivyo hakiwezi kutupwa uvunguni. Hupigwa brashi baada ya kazi. Hukaushwa kivulini, wala si kando ya jiko, maana joto la karibu huikausha ngozi ikapasuka. Hupigwa kiwi ili ngozi ibaki laini, mng'aro ukija kama ziada. Na wala hakiingii chumbani. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la kwanza la mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu, na masizi yanayoganda katika ngozi na soli ni sehemu ya hatari hiyo. Desturi ya pwani ya kuvua viatu kizingitini, ambayo ilikuwa adabu kwa mwenye nyumba, kwa zimamoto imekuwa pia huruma kwa watoto wa nyumba hiyo.

Kuchagua, basi, kuna wakati wake, na wakati huo una mwisho. Kabla ya kiapo, kijana ana haki ya kupima, kukataa, kutambaa sokoni na kuchekwa. King'ora kikilia, haki hiyo imekwisha. Hapo methali ya wazee hurudi mahali pake pa haki: aliye mlangoni pa nyumba inayowaka hatazami tena miguu yake. Aliitazama mapema ili sasa aweze kuisahau, na macho yake yawe huru kumtafuta aliyemo ndani.