Mjomba, Usimpokee Bure

Kitchener, Kanada

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ingawa kelele za karakana hapo Mabibo nimezisikia vizuri kuliko maneno yako. Nilichoambulia ni kwamba kijana wa mwaka wa pili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, anayesoma uhandisi wa mitambo, amekuletea barua ya chuo akiomba nafasi ya fildi kwa wiki nane. Wewe ukamjibu, "Njoo tu, hapa hatulipi lakini hatumfukuzi mtu." Sasa unaniuliza mimi "wa Ulaya" umpe kazi gani. Huku si Ulaya, mjomba, ila najua kwako wewe popote penye theluji ni Ulaya.

Kabla ya kazi, tuanze na hela. Naomba umlipe.

Usicheke kwanza. Mwaka 1956 Ira Needles, mkuu wa kampuni ya matairi ya B.F. Goodrich hapahapa Kitchener, aliwaambia wafanyabiashara wenzake kuwa nchi inahitaji wahandisi 150,000, na kwamba viwanda lazima vishirikiane na vyuo kuwafundisha. Julai 1957 wanafunzi 74 wakaanza masomo katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Waterloo, mji wa jirani. Siku hizi mwanafunzi wa uhandisi hukaa darasani miezi minne, akaenda kazini miezi minne, akarudi darasani, hivyohivyo mpaka amalize. Kazini analipwa mshahara. Mpango wenyewe waliuiga Marekani, ambako Herman Schneider aliuanzisha Cincinnati mwaka 1906.

Kinachonifurahisha mimi si ukubwa wa mshahara, ni kile ambacho mshahara unamfanyia bosi. Kwenye kiwanda kidogo ninachofanyia kazi alikuja binti wa mwaka wa pili. Kuna mashine yetu moja ya kutoboa vyuma ambayo asubuhi hutoa matundu yaliyopotoka kidogo. Mafundi wote tulijua ni baridi, inabidi iungurume kwanza ipate joto, lakini kila mtu alikuwa na dakika zake. Bosi akamkabidhi yule binti kipimo na daftari. Kila asubuhi anapima tundu, anaandika saa, anapima tena. Sasa hivi kuna karatasi imebandikwa ubavuni mwa mashine: dakika 25. Kazi ile ingeweza kufanywa na yeyote kati yetu miaka yote hiyo. Ilifanyika kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye bosi alikuwa anamlipa kwa saa, na roho ilikuwa inamuuma kumwona amekaa.

Mtu wa bure hamuumizi mtu roho. Ndiyo maana vijana wetu wengi fildi yao ni kutumwa vocha, kutoa fotokopi na kusubiri muhuri wa kwenye daftari la kumbukumbu. Tena wapo wanaokwenda kwa fedha ya Bodi ya Mikopo. Hebu liangalie hilo vizuri, mjomba: mwanafunzi anakopa serikalini ili apate nauli ya kwenda kumfanyia mtu kazi bure, kisha atakuja kukatwa deni hilo kwenye mshahara.

Sitaki nikudanganye kuwa huku ni peponi. Sheria ya kazi ya jimbo letu la Ontario haimlindi mwanafunzi aliyeko kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa na chuo chake, kwa hiyo wapo wengi, hasa wa uuguzi na ualimu, wanaofanya kazi bila senti. Na hao mabosi wanaolipa hawalipi kwa huruma. Tangu 2017 serikali kuu ina mpango wa kumrudishia mwajiri nusu ya mshahara wa mwanafunzi, hadi dola 5,000, na kwa makundi yaliyoachwa nyuma asilimia 70, hadi dola 7,000. Jimbo nalo lina punguzo lake la kodi.

Kwetu Tanzania kuna ile tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara yote mwaka 2023. Kampuni kubwa hapo Ubungo zinailipa kila mwezi. Ningekuwa mbunge ningepiga kelele kila bajeti: mwenye kumpokea mwanafunzi, akamlipa na akamfundisha kweli, apunguziwe humo. Wewe na mafundi wako sita haikuhusu, maana inaanzia kwa waajiri wenye watu kumi. Ndiyo maana nakuomba utoe mfukoni. Si mshahara: nauli na sahani ya wali maharage kwa mama lishe wako, basi.

Usiniambie karakana yako ni ndogo mno. Mlimani ilipoanzisha kitivo cha uhandisi mwaka 1973, chini yake kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa kimeshaanza kufuma tangu 1968, na UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilifua majembe. Leo UFI imebaki jina. Mwanafunzi anayetaka kuona chuma kinakatwa, kinachomelewa na kuuzwa kwa mteja aliyesimama mlangoni anakuja kwa watu kama wewe.

Sasa kazi. Mashine zako za kusaga na kukoboa zinasifiwa mpaka Kimara, lakini vipimo vyake vyote vimo kichwani mwako. Ukiugua malaria wiki moja karakana inasimama, nimeshuhudia. Mpe kijana futi kamba, afungue mashine moja, apime kila kipande na kukichora, kisha akaiingize michoro hiyo kwenye kompyuta ya chuo. Akimaliza mpe fundi wako mmoja ile michoro bila wewe kusema neno, umwone kama ataweza kuunda. Hapo ndipo mtajua wote wawili nani anajua nini.

Ya pili ni nyundo za mashine ya kusaga. Kila mteja anakuambia zimeisha mapema, nawe unamjibu ni mahindi yake yana mchanga. Zipimwe kwenye mizani kabla hazijafungwa na kila baada ya wiki, kwa mashine mbili tatu za wateja wa karibu, na saa za kusaga ziandikwe. Labda ni mchanga. Labda ni chuma chakavu unachonunua.

Daftari lake lisaini kila Ijumaa, na uandike alichofanya, hata kama ni kufagia. Mwalimu wake akija kumkagua, usimpe soda kwanza. Mpeleke kwenye mashine, kijana mwenyewe aeleze.

Na mnunulie miwani yake. Ile ya kuchomelea yenye kioo kilichopasuka, ambayo wewe na mafundi mnapokezana, usimpe.